Tope la Tangi la Tisa

Adelphi, Maryland
Jumatatu, 12 Februari 2024

Shemeji yangu Azhar,

Assalamu alaykum. Utashangaa kupata barua ya mkono kutoka kwa mtu uliyezungumza naye kwa simu Ijumaa tu. Jambo hili sitaki lipite kwenye simu, na barua pepe za kituo chenu husomwa na wakubwa, kama zetu zinavyosomwa hapa. Nijibu kwa karatasi, na uipeleke posta mwenyewe.

Kazi yangu unaijua kwa jina, lakini sidhani nimewahi kukueleza vizuri. Hapa ofisini kwetu, mtaa wa Shaw, Washington, tunaletewa hesabu za matangi ya taka za nyuklia, nami ndiye wa kusema kama tope lililolala chini ya tangi linaweza kuguswa. Tope hilo lina plutoniamu. Maadamu imetapakaa, na imechanganyika na chuma kinachozimeza nutroni zake, imelala tu. Ikijikusanya mahali pamoja ndani ya maji bila chuma cha kutosha, inajiwasha yenyewe. Haibomoi mji. Kunatoka mwako wa buluu wa kufumba na kufumbua, halafu waliosimama karibu wanakufa kwa siku au kwa wiki, ngozi ikiwatoka kama ganda la kitunguu. Sisi tunalipwa ili jambo hilo lisitokee.

Sasa nimeletewa faili la tangi la tisa la Sego, kituo chenu. Mwezi wa Aprili mnataka kuwasha pampu ya kulikoroga tope ili lihamishwe. Faili lina sampuli tatu, zilizochotwa kwenye matundu matatu ya juu ya tangi: la kwanza, la tatu na la saba, kila moja mbali na jenziwe. Hesabu za sampuli zote tatu zinalingana hadi tarakimu ya tatu. Tope la miaka hamsini halilingani hivyo. Hata uji wa sufuria moja, wa chini si sawa na wa juu.

Na kwenye vibandiko vyote vitatu kuna sahihi yako.

Sikuulizi kwa niaba ya kampuni. Nakuuliza kama mjane wa kaka yako, tena niliyekuombea kazi hiyo. Sampuli zile zilitoka matundu matatu kweli?

Nadra

*

Sego
Jumamosi, 24 Februari 2024

Shemeji Nadra,

Wa alaykum salaam. Barua imefika, nimeisoma, na imeniuma kidogo. Mimi ni mchukua sampuli. Bomba linashuka, linapanda, nabandika kibandiko, natia sahihi. Kilichomo ndani ni shauri la maabara na lenu nyinyi mliosoma. Ikiwa tope limefanana, mshukuruni Mungu aliyelifananisha.

Huku si kama huko kwenu. Watu wana hasira kwa sababu kazi imechelewa mwaka mzima. Wayne, msimamizi wetu, mwezi uliopita alimpiga mwendesha kreni kwa kofia yake ya kazi mpaka ukingo ukampasua mdomo, eti kachelewa dakika kumi. Yule bwana alijifuta damu akapanda kreni. Hapa ndivyo mambo yanavyokwisha.

Elkanah, yule Mkalenjin wa Kapsabet ninayekaa naye nyumba moja, aliteleza ngazini Jumatatu, akavunjika taya. Wamemfunga waya, anakula kwa mrija. Najua dadake Jeptoo yuko karibu na wewe, Temple Hills. Usimsumbue. Ana kazi nyingi na habari anazo.

Saini faili lako, Shemeji. Huna sababu ya kutoliamini.

Azhar

*

Adelphi
Jumatano, 6 Machi 2024

Azhar,

Nimeenda Temple Hills. Uliniambia nisiende, na hapo ndipo nilipojua kuna jambo.

Jeptoo alikuwa ametoka shifti, bado na sare za kazi, miguu kaitia kwenye beseni la maji ya moto. Sikumficha kilichonileta. Akanipa simu nitazame picha ambazo kakake alijipiga hospitalini. Uso umevimba upande mmoja, jicho halionekani, na shavuni, wazi kabisa, mistari ya soli ya buti.

Akaniambia, "Kwa miaka kumi na moja nimeosha wazee walioanguka. Ngazi haiachi alama ya soli."

Elkanah hawezi kusema lakini huandika. Amemwandikia kwamba Wayne alimpiga mateke nyuma ya chumba cha kubadilishia nguo. Alijaribu kukimbia, ila kuna mtu alimshika kwa nyuma, mikono yote miwili, mpaka Wayne alipochoka. Mtu huyo hataki kumtaja. Jeptoo amemuuliza mara tatu, na kila mara anamjibu, "Wacha tu."

Sasa nimekuelewa. Umeona, na unaogopa. Sikulaumu kwa kuogopa. Nakujua wewe. Kama ungekuwa na nafasi ya kumsaidia ungemsaidia, kwa sababu ndivyo alivyokuwa Jabir, nanyi mlinyonya ziwa moja.

Lakini niambie. Elkanah alipigwa kwa ajili ya sampuli? Ni nani aliyemshika? Mkubwa wangu hapa, Peterson, amenipa mpaka tarehe 22 niwe nimesaini. Amesema kituo kinamfuata kila asubuhi, na kwamba kampuni yetu haitapewa tangi jingine nikiwakwamisha.

Ramadhani inaingia wiki ijayo. Nakuombea.

Nadra

*

Sego
Ijumaa, 15 Machi 2024

Shemeji,

Nimefunga, lakini sijui Mungu atapokea nini kwangu. Nitaandika mara moja bila kusoma nilichoandika, maana nikisoma nitaichana.

Sampuli zote tatu ni za tundu la kwanza. Januari tulishusha bomba tundu la tatu, likagonga gamba gumu kama saruji, likavunjika ncha. Kuleta ncha nyingine na kulitoboa gamba lile kungechukua wiki tatu. Wayne akasema tuchote tundu la kwanza mara tatu. Watu wa kreni walitazama pembeni. Mimi nilibandika vibandiko na kutia sahihi. Elkanah peke yake alikataa kushika hata kibandiko kimoja, lakini hakwenda kusema popote. Alinyamaza tu, akafanya kazi nyingine.

Halafu ikaja barua yako. Niliogopa, Shemeji. Nilikwenda kwa Wayne kumwambia kwamba Washington wameshtuka, nikidhani tutatafuta namna ya kurekebisha. Aliniuliza swali moja tu, nani aliyesema. Sikuweza kukutaja wewe, maana angeniuliza tunajuana vipi, na angejua kwamba ni mimi niliyepata barua. Nikasema Elkanah.

Jumatatu tulipotoka kazini Wayne akaniita nyuma ya chumba cha nguo. Elkanah alikuwa ameshasimama pale, na begi lake. Wayne akaniambia, "Mshike." Nilimshika. Alinigeukia, akaniangalia kama anayetaka kuniuliza saa ngapi. Teke la kwanza lilimwingia tumboni, na uzito wake wote ukanilalia. La pili ndilo lililomvunja taya. Nilisikia kwa mikono yangu kabla ya kusikia kwa masikio. Wayne hakukoma hapo, nami sikumwachia. Damu yake ilinitiririkia kwenye mikono ya shati, ikaingia mpaka kwenye viwiko.

Elkanah anajua nilimshika. Hajui kwamba ni mimi niliyemtaja. Kila jioni nammiminia supu kwenye kikombe, naye ananishukuru kwa kichwa.

Usinilinganishe tena na Jabir. Ichome barua hii.

Azhar

*

Adelphi
Jumamosi, 23 Machi 2024

Azhar,

Samahani kwa mwandiko. Kidole changu cha mwisho, mkono wa kulia, kimefungwa banzi.

Jana ilikuwa siku ya kusaini. Peterson aliniletea ukurasa wa mwisho yeye mwenyewe. Badala ya kusaini niliandika hapo chini: Sampuli hizi haziaminiki, tangi lisiguswe. Akaniambia niutoe ukurasa ule, nikaushika. Akaunyakua pamoja na mkono wangu, akauzungusha kama mtu anayekamua nguo, na kidole kikalia kama kijiti cha mshikaki. Yeye pia alishtuka, akaniachia, akatazama mkono wake. Dorothea wa meza ya pili alikuwa mlangoni na kahawa yake. Aliona yote. Akarudi kwenye kiti chake. Nilishuka ngazi, nikapanda treni nikiwa nimekikumbatia kiganja, na mpaka nafika hospitali kidole kilikuwa kimekuwa cheusi.

Mchana huohuo ukurasa mpya ulisainiwa na mhandisi mwingine. Pampu itawashwa Jumanne tarehe tisa Aprili.

Barua yako sikuichoma. Nimeisoma mara nne. Halafu nikakumbuka kwamba barua yangu ndiyo iliyoanza, kwamba nilikaa hapa na joto la nyumba yangu nikakuandikia maswali, na kilichotokea kikamtokea mtu nisiyewahi kumwona. Hilo ni langu, nitalibeba. Lakini wewe ulikuwa na mikono miwili, na ungeweza kuifungua.

Bila barua yako mimi nina tarakimu tu, na tarakimu Peterson anazo za kwake. Nikiwa nayo, nina ushahidi. Jumatatu tarehe mosi Aprili nitaipeleka kwa bodi ya serikali inayosimamia usalama wa matangi. Nakupa wiki hii uende mwenyewe, kwa miguu yako, useme mwenyewe. Na Elkanah umwambie kabla hajasikia kwa mwingine.

Sitaki wewe ufe juu ya tangi lile. Sitaki hata Wayne afe.

Nadra

*

Sego
Alhamisi, 28 Machi 2024

Wewe mwanamke,

Nilikuamini. Nilikuandikia kama anayeungama, nawe unanipeleka kwa serikali. Unajua watakachonifanya? Hata kabla ya serikali, unajua Wayne atakachonifanya?

Nilimshusha kaburini mume wako kwa mikono hii. Nilikaa sebuleni kwako siku arobaini ili usiwe peke yako. Ukiipeleka karatasi ile sina shemeji. Na ningekuwa Adelphi leo ningekuvunja kidole cha pili, na cha tatu, mpaka uniambie umeiweka wapi.

Usiniandikie tena.

Azhar

*

Adelphi
Jumanne, 2 Aprili 2024

Azhar,

Nimeipeleka jana. Walinipokea vizuri, wakapiga nakala, wakaniambia watalitazama jambo hilo ndani ya siku thelathini. Nikawaambia pampu inawashwa baada ya siku nane. Yule bwana akaandika tarehe kwenye kitabu chake.

Nimeituma hii kwa haraka ili ikuwahi. Usipande juu ya tangi tarehe tisa. Sema unaumwa. Mvute na Elkanah, na yeyote atakayekusikia.

Kuhusu vidole, nimesoma.

Nadra

*

Jela ya wilaya, Sego
Jumatano, 17 Aprili 2024

Shemeji Nadra,

Naomba unisamehe barua ile ya mwisho. Sina njia ya kuifuta.

Barua yako ilinifikia Jumatatu, mkesha wa kuwashwa pampu. Sikumwambia mtu kwamba naumwa. Jumanne asubuhi niliingia kazini pamoja na wengine. Watu tisa walipangiwa kusimama juu ya tangi, na Elkanah, taya bado limefungwa waya, alikuwa mmoja wao. Wayne alimrudisha kazini kwa makusudi. Nilimwendea Elkanah nikamwambia ashuke. Akatikisa kichwa, akanionyesha kwa kidole kibanda cha mitambo, yaani kamwambie yule.

Nikaenda. Wayne alikuwa peke yake na orodha yake. Nilimwambia kwamba serikali ina barua, kwamba tundu la tatu halijulikani, asubiri. Nilimwambia kwa upole, wallahi. Akaniuliza kama barua ni yangu. Nikasema ndiyo. Akacheka kidogo, akanisukuma kifuani na kunyoosha mkono kwenye swichi.

Spana ya mabomba ilikuwa juu ya meza. Nilimpiga mkono ule kabla haujafika, na mfupa ukavunjika. Alianguka kwa magoti. Hapo ningeweza kuvuta swichi kuu, nikaita watu, yakaisha. Sikuvuta. Nilimpiga bega, nikampiga goti, nikalipiga tena goti lilelile, nikampiga uso. Alikuwa anasema neno moja, sikulisikia ni neno gani. Pigo la kwanza lilikuwa la pampu. Manne yaliyofuata yalikuwa yangu.

Kisha ndipo nilipoivuta swichi na kukata waya wake kwa shoka la zimamoto. Nikakaa sakafuni karibu na Wayne mpaka walipokuja. Damu yake na ya Elkanah zina joto sawa.

Anasema wakili niliyepewa kwamba kila kitu kinategemea tangi. Bodi imesimamisha kazi, na watalitoboa lile gamba na kuchota sampuli upya, safari hii mbele ya macho yao. Wakikuta hatari, mimi ni mtu aliyeokoa watu tisa, na huenda nikarudi nyumbani. Wasipokuta, mimi ni mtu aliyemvunja mwenziwe kwa spana.

Wewe utayajua matokeo kabla yetu. Niandikie, vyovyote yatakavyokuwa. Elkanah bado sijamwambia. Amekuja kuniona mara mbili. Kwa kuwa hawezi kuzungumza, tunakaa tu tukitazamana kupitia kioo.

Nduguyo,
Azhar

*

Adelphi
Alhamisi, 20 Juni 2024

Azhar,

Matokeo yametoka. Mimi sipo tena kwa Peterson, waliniachisha kazi siku ileile walipojua nimekwenda kwa bodi. Lakini bodi wameniita kama shahidi na wamenipa karatasi zote, nami nimefanya hesabu kwa mkono wangu, mara mbili, kisha nikamwomba mtu mwingine azifanye bila kumwambia jibu langu.

Chini ya tundu la tatu kweli kulikuwa na kilima cha tope, na plutoniamu yake ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya sampuli zako. Nilipoona tarakimu ile, nitakwambia ukweli ulivyo: nilifurahi. Nilifurahi kwa ajili yako. Halafu nikafika kwenye chuma. Chuma nacho kilikuwa kingi, kingi kuliko tulivyodhani. Nimelikoroga tope lile kwenye hesabu kila namna, kwa nguvu zote, kwa maji yote. Plutoniamu haijiwashi.

Tangi lilikuwa salama, Azhar. Jumanne ile wangewasha pampu, na watu tisa wangeshuka wakaenda kula.

Nimekaa na karatasi hii siku tatu kabla ya kukuandikia. Jeptoo alisema nikufiche mpaka kesi iishe. Peterson amezipata habari pia, na amewaambia watu kwamba alikuwa sawa tangu mwanzo. Hakuwa sawa. Hakujua. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua, na kazi yote hii ni kujua kabla ya kugusa. Kuchota sampuli mpya kumechukua wiki tatu. Kwa wiki tatu za kutoboa gamba mwezi wa Januari, taya la Elkanah lingekuwa zima, na goti la Wayne, na wewe ungekuwa umesherehekea Idi hapa kwangu.

Sijui wakili wako atasema nini. Mimi sina la kukufariji isipokuwa kwamba sikukudanganya.

Nadra

*

Jela ya wilaya, Sego
Jumanne, 15 Oktoba 2024

Shemeji Nadra,

Barua yako niliisoma mara moja, nikamrudishia askari anitunzie, maana sikutaka ilale nami. Siku kadhaa sikula. Nilikuwa nimejijengea watu tisa kichwani, kila mmoja na watoto wake, nikawa nalala juu yao kama godoro. Ukawaondoa wote kwa mara moja. Kilichobaki chini ni Wayne akiwa kwa magoti.

Wakili hakukata tamaa. Alisema bado tuna Elkanah. Elkanah atasimama aeleze Wayne alivyokuwa mtu wa namna gani, alivyomvunja, na hakimu ataona kwamba nilimpiga mnyama. Elkanah mwenyewe alikubali. Alikuja jana mahakamani na suti, kapanda basi saa kumi na moja alfajiri, na Jeptoo alikuwa naye, ametoka huko kwenu kwa ndege. Wayne alikuwa mstari wa mbele na magongo yake mawili. Goti halitakunjika tena, wamesema.

Kabla Elkanah hajaitwa niliomba kusimama. Wakili alinivuta koti, nikasimama. Nilisema kwamba Elkanah hakuwahi kumsema mtu yeyote. Kwamba nilipoulizwa ni nani aliyetoa habari nilimtaja yeye, kwa uongo, ili nijiokoe, na baadaye nikamshika apigwe kwa uongo huohuo. Nilisema kwamba nilipompiga Wayne mara nne za mwisho sikuwa nafikiria pampu wala tangi. Mkalimani hakuhitajika, nilisema kwa Kiingereza, polepole, ili kila mtu aandike.

Sikumtazama Elkanah nilipokuwa nikisema. Nilipokaa nikamtazama. Jeptoo alikuwa amemshika mkono wa koti, na yeye alikuwa anauondoa mkono wa dadake kidole kimoja kimoja.

Wakamwita. Hakimu akamuuliza kama bado anataka kutoa ushahidi. Akasema anataka. Lakini kwanza alinigeukia, akaniambia kwa Kiswahili, maneno yakitokea upande mmoja wa mdomo kwa sababu taya halikuunga sawa:

"Mikono niliijua. Ulimi sikuujua."

Hakimu akamtaka atafsiri. Elkanah akasema hilo halikuwa la mahakama. Kisha akatoa ushahidi wake wote, bila kupunguza wala kuongeza: sampuli, gamba, Wayne, mateke, mwendesha kreni na mdomo wake uliopasuka. Alipoulizwa kuhusu mimi alisema nilikuwa nikimpa supu kila jioni, na kwamba nilimsihi ashuke kwenye tangi. Hilo nalo alilisema, kwa kuwa ni kweli.

Wamenipa miaka sita. Wayne naye amefunguliwa kesi yake, kwa ajili ya taya lile.

Elkanah alipotoka alipita karibu nami kiasi kwamba koti lake lilinigusa bega. Nilifungua mdomo nimwite, na sikupata jina la kumwita, maana nyumbani tulizoea kuitana ndugu. Alikwenda moja kwa moja hadi mlangoni, Jeptoo akiwa nyuma yake, na hakugeuka.

Azhar